Mume wa Kuazima

Kuna Jumamosi moja ninayoikumbuka, mwanangu, ambayo ningependa kuisahau, lakini wewe leo umeniletea tena mezani. Umekaa hapa jikoni kwangu tangu asubuhi, umekunywa chai yangu, ukaniambia umepata ufadhili wa chuo cha ualimu. Nikaanza kumshukuru Mungu. Hata sijamaliza kushukuru, ukaniuliza kama namjua mtu wa kukusaidia kukwepa ile miaka ya kufundisha kijijini, ambayo ndiyo sharti la ufadhili wenyewe. Ukasema kuna kijana Nairobi yuko tayari kuandikisha ndoa na wewe, ndoa ya karatasi tu, ili ukimaliza masomo uhamie huko. Chuo chenyewe hujakikanyaga. Basi weka hiyo simu chini unisikilize, kwa sababu ndoa ya namna hiyo mimi nilishaiona kwa macho yangu, na hata kuku wake nilimla.

Ilikuwa miaka ya tisini, huko kwetu upande wa Butere. Shule yetu ya msingi haikuwa na walimu wa kutosha, na kila mgeni aliyeletwa alikaa muhula mmoja, akatafuta njia, akaenda. Wakulima wa miwa wakachoka. Wakaunda kamati, wakakubaliana kila mmoja akatwe kidogo kwenye malipo ya miwa yake, ili wasichana wa hapo hapo wasomeshwe ualimu. Sharti lilikuwa moja, na lilisemwa mbele ya wazazi na mchungaji: ukimaliza unarudi kufundisha shule hiyo miaka minne, halafu uko huru kwenda utakako. Ofisi ya elimu ikauridhia mpango huo. Wa kwanza kupelekwa tulikuwa wawili, mimi na Rispa. Tukishatulia kazini, angepelekwa mwingine, na huyo mwingine alikuwa mdogo wangu Janet. Yaani mama yako.

Mama yako alimaliza kidato cha nne na alama nzuri kuliko zangu, nalisema bila wivu. Alikaa nyumbani akipalilia miwa ya baba na kungoja zamu yake. Jioni alikuwa akija kwenye nyumba ya walimu nilikoishi na Rispa, anachukua madaftari ya hesabu ya wanafunzi wangu anayasahihisha kwa raha zake, mimi nimejinyoosha kitandani. Akiona mtoto amekosea, hakuweka alama ya kosa tu. Alimwandikia pembeni njia nzima, kwa mwandiko mzuri, na kesho yake watoto walinishukuru mimi.

Rispa naye hakuwa mtu mbaya. Alifundisha darasa la nane, na watoto walimpenda hadi wasichana wakaanza kuiga mwendo wake. Lakini kijiji kilimshinda. Matope yalimkera, maji ya mtoni yalimkera, na zaidi ya yote walimkera wale wazee waliomsimamisha njiani kumuuliza kwa nini leo amechelewa. Kila Ijumaa alikwenda Kakamega mjini, na Jumapili akarudi amenuna. Siku hizo mwalimu wa kike akiolewa aliruhusiwa kuhama amfuate mumewe, na kamati ya wakulima isingethubutu kuvunja nyumba ya mtu. Rispa alilijua hilo vizuri. Mwaka wetu wa kwanza haujaisha, akatangaza kwamba ameolewa mjini, na kwamba atamleta mumewe awasalimu wazee, waagane kwa heshima. Nilishangaa, maana tulilala chumba kimoja na jina la mwanamume huyo sikuwahi kulisikia. Nikajiambia watu wana siri zao.

Basi Jumamosi hiyo tukakusanyika nyumbani kwa Mzee Makokha, mwenyekiti wa kamati. Mambo yalikuwa mawili: kumuaga Rispa, na kumpitisha Janet aende chuoni. Mama yako alikuwa jikoni na akina mama tangu alfajiri, amevaa gauni lake la kanisani na kulifunika kwa leso, anasonga obusuma, ugali wetu, na kukatakata ingokho, yule kuku aliyechinjwa kwa ajili ya mkwe. Alikuwa na furaha iliyomfanya asahau chumvi, na hakuna aliyemsema.

Mkwe mwenyewe aliitwa Fred. Karani wa duka mjini, mwenyeji wa Malava, mpole, na tai shingoni kwenye jua lile. Akawekewa firigisi kwenye sahani yake, kama anavyostahili mkwe. Akaishika. Hapo ndipo akaingia Mama Dorika, mke wa mwenyekiti, na birika, anamalizia kuwanawisha watu mikono. Wazee wa kamati hawakumwogopa mtu mwingine ila huyu.

"Mkwe wetu," akamwambia, "umetoka upande gani?"

"Malava, mama."

"Malava ni kubwa. Watu wanaulizanga ukoo. Baba ni wa wapi?"

Fred akautaja ukoo wa baba yake. Wazee wakaitikia kwa vichwa.

"Na mama yako alitoka kwa nani?"

Akautaja na ukoo wa mama yake, tena kwa kujivuna, kisha akaipeleka firigisi mdomoni. Wazee wakatazamana. Ulikuwa ukoo wa mama yake Rispa.

Wewe umekulia mjini, labda hili hukufundishwa sawasawa, kwa hiyo acha nikueleze na usinitazame hivyo. Kwetu, watu ambao mama zao ni wa ukoo mmoja ni ndugu, na ndugu hawaoani. Ndiyo maana kijana na msichana wakianza tu kutupiana macho, swali la kwanza ni ukoo wa baba, la pili ni ukoo wa mama. Hakuna anayelisahau, hata mlevi. Wanaotaka kuoana kweli wanalimaliza jambo hili kabla hawajashikana mikono. Wale wawili walikuwa wameazima pete, wamepatana watasema wanaishi mtaa gani na walikutana wapi, na swali ambalo kila mtu huanza nalo hakuna aliyemuuliza mwenzake. Hadi leo nikifikiria naona hasira, na hasira nyingine ni ya kwamba hata kudanganya hawakuweza kudanganya vizuri.

Mama Dorika aliweka birika chini polepole. "Basi tuko na kazi," akasema. "Kondoo atafutwe, hawa watoto watakaswe. Mama yako aitwe kutoka Malava, na mama ya Rispa naye aitwe, leo leo. Hii maneno hailalangi."

Fred aliposikia mama yake anaitwa, akairudisha firigisi kwenye sahani. "Mama, mimi si mume," akasema. "Rispa aliniomba nimsaidie tu aende mjini. Mimi niko na mchumba wangu."

Leo nikikusimulia naweza kucheka. Siku ile hakuna aliyecheka. Mzee Makokha alinawa mikono na chakula bado kiko mbele yake. Hakupandisha sauti, na ingekuwa afadhali angepiga kelele.

"Mimi nilienda kwa jirani yangu," akasema, akimtazama Rispa, "nikamwambia akubali kukatwa pesa ya miwa, na mtoto wake alikuwa nyumbani kwa kukosa karo. Nikamwambia wewe utarudi utafundisha wale wengine. Sasa nimwambie nini?" Rispa aliangalia sakafu. "Hakuna mwingine ataenda chuo. Huyu amalize kwanza miaka yake yote, tuone. Halafu ndio tutaongea ingine."

Nikasimama. Nilikuwa na damu moto wakati huo. Nikawaambia Janet si Rispa, kwamba hajamdanganya mtu, kwamba hawana haki ya kumwadhibu kwa kosa la mwenzake. Mama Dorika akanikata. "Keti, mwalimu. Wale watoto wa darasa la nane wako na kosa gani? Yule jirani na mtoto wake wa karo wako na kosa gani? Mtu akivunja ahadi, haimwangukii yeye. Inaangukia ule aliye nyuma yake. Wewe ni mwalimu, na hiyo hukufundishwa?" Nikaketi.

Nilipogeuka, mama yako alikuwa mlangoni na bakuli la obusuma. Alikuwa amesikia yote. Akaingia, akaliweka mezani, akawauliza wazee kama wataongezewa mchuzi, akarudi jikoni. Hakulia mbele ya mtu.

Rispa aliimaliza miaka yake, na aliifanya vizuri, aibu ilimshika ikamfunza kazi. Siku alipomaliza, kamati ilitimiza neno lake. Wazee walikwenda wenyewe kumwita Janet. Walimkuta ameolewa, amembeba kaka yako mgongoni, na dada yako yuko njiani. Aliwakaribisha, akawapikia chai, akawashukuru, kisha akawatajia binti wa jirani aliyekuwa akingoja. Binti huyo akapelekwa. Leo ni mwalimu mkuu, na ukikutana naye atakuuliza habari za mama yako kabla ya habari zako.

Wewe unamwona mama yako akiuza nyanya sokoni, anapiga hesabu za wateja kichwani haraka kuliko simu zenu, unadhani ile akili ilikusudiwa nyanya. Yeye hajawahi kumlaumu Rispa hata siku moja. Wakikutana msibani wanakumbatiana. Mimi ndiye nashindwa kumsamehe, na mchungaji anajua.

Sasa nasaha yangu ni hii, nami sitaizungusha. Kama hutaki kufundisha kijijini, ukatae ufadhili huo leo, mapema, na hakuna atakayekucheka, atapewa mwingine. Ukiupokea, basi umepokea na ile miaka. Usiniambie kwamba ni pesa za watu wasiokujua. Wanaotoa ufadhili wenye sharti wanakutazama wewe ili waamue kama watampeleka anayefuata, na wewe humjui. Huenda sasa hivi yuko shambani analima, anahesabu zamu yake. Nenda ukafundishe. Ukitaka kulalamika, lalamika. Mimi nililalamika miaka yote minne, na kipindi hata kimoja sikukikosa. Na huyo kijana wa Nairobi, kama kweli anakupenda, mwambie aje kukuposa nyumbani, tumuulize ukoo.

Haya, nenda ukampe mama yako habari. Mwambie kwanza jina la shule utakayokwenda kufundisha, ndipo umwambie mengine.

Mungu akutangulie, mwanangu. Akupe sauti ya kufika dawati la nyuma, na subira kwa mtoto asiyeelewa mara ya kwanza. Akupe nyumba isiyovuja na majirani wa kukuletea maziwa. Na yule msichana aliye nyuma yako, ambaye hutamjua, amjalie zamu yake imfikie mapema.