Amana Chini ya Kitanda

Udi wa Mama ulikuwa na harufu mbili. Ulianza na utamu wa sukari iliyoungua kidogo, maana aliupika mwenyewe kama walivyomfundisha kwao Unguja, na moshi ukishatulia kwenye mapazia ikabaki harufu nzito ya mti wenyewe, ile inayokaa kwenye nguo mpaka zifuliwe. Kiangazi kimoja, katika miaka ile ya elfu mbili na kidogo, chumba chetu cha Muaither, pembezoni mwa Doha, kiliingiwa na harufu ya tatu. Ilikuwa ya mafuta ya mashine na ya chuma, na ndani yake kitu kikali kama njiti ya kibiriti iliyokwisha kuwashwa. Mama aliinusa kabla ya mtu mwingine yeyote. Alikuwa mtu wa kunusa huyu: alinusa maziwa, alinusa samaki, alinusa na maneno ya watu, na mara nyingi hakukosea.

Baba, mtu wa Pangani, alikuwa dereva wa mzee mmoja wa Kikatari tuliyemwita Bu Nasir. Mama alikuwa mpishi katika nyumba hiyohiyo. Tulikaa katika mulhaq, kijumba cha nyuma karibu na gereji, ambacho kwa watu wengi wa kazi kama ya Baba kilikuwa cha kulala tu, tena kwa zamu na wenzao. Kukaa pale na mke na mtoto ilikuwa hisani kubwa. Madereva wenzake waliwaona watoto wao kwenye picha, naye alinipeleka shule asubuhi na kunirudisha mchana. Iqama zetu, yaani vibali vya kuishi, zilikuwa mkononi mwa Bu Nasir. Akinuna, sote watatu tunafungasha. Baba hakulisahau hilo hata usingizini.

Masanduku yalikuja Ijumaa moja watu walipotoka msikitini. Yalikuwa ya mbao, mapana, yenye vishikio vya kamba na kufuli, na Baba aliyabeba moja moja kutoka jumba kubwa huku kanzu imemganda mgongoni kwa jasho. Bu Nasir alikuja nyuma yake, akaangalia chumba chetu kama mtu anayechagua pango, akaonyesha kidole chini ya kitanda changu. "Amana, yaa Bakari," alisema, akimwita Baba kwa jina. Basi, neno likawa limefungwa. Kwa Baba, amana ilikuwa kitu cha kutetemekewa. Alilelewa na babu aliyemfundisha kwamba ukiwekewa kitu cha mtu, unakilinda kama kilivyo. Hukifungui, hukitikisi, wala humuulizi mwenyewe kina nini, maana kuuliza ni kumwambia kwamba humwamini. Masanduku yakasukumwa chini ya kitanda, nami nikapewa amri ya kutocheza huko.

Mama hakulelewa na babu huyo. "Baba Zuhura," alisema jioni ile, "jumba lile lina vyumba ambavyo hata mimi sijaviona vyote. Vitu vyake vimekosa pa kukaa?" Baba akamjibu kwamba mambo ya wakubwa hayachunguzwi. Siku ya pili ikaja amri nyingine: kiyoyozi chetu kisizimwe kamwe, hata tukitoka. Hapo Mama aliweka mwiko chini. Kiyoyozi kile kilikuwa kimenguruma na kudondosha maji mwaka mzima bila mtu kujali, na sasa fundi aliletwa kukitengeneza siku hiyohiyo. "Tangu lini joto letu likawauma?" aliuliza. Mimi nililala kwenye baridi ile nimejifunika mablanketi mawili, nje jua likiunguza hata mpini wa mlango.

Nilirithi pua ya Mama. Nilianza kumshuku kila mtu. Nilimshuku Bu Nasir, aliyekuja mchana kuchukua sanduku moja na kurudisha jingine, na kila mara akiweka kiganja ukutani kupima ubaridi. Nilimshuku Baba kwa jinsi alivyokohoa kila tulipogusia habari ile. Nikigeuka kitandani, mguu wa kitanda ukigonga masanduku, nilisikia vitu vidogo vingi vikigongana ndani, na nilijaza mwenyewe yaliyomo: dhahabu, au mifupa, au chupa za kitu cha haramu. Mama naye alikuwa na orodha yake. Kubwa aliloliogopa ni kwamba tunategwa. Siku moja kitu kitapotea jumba kubwa, watakuja kupekua, na askari watauliza kitanda hiki ni cha nani. Kikulacho ki nguoni mwako, alisema, na siku hizo aliweza kuisema methali hiyo huku akikuna nazi, akipiga pasi, au akimtazama tu Baba akila.

Pamoja na shaka zake zote, kuna jambo moja Mama hakuliacha. Kila Alhamisi jioni alifukiza chumba. Aliwasha makaa, akayatia katika chetezo cha udongo alichokuja nacho kutoka Unguja, akanyunyizia udi wake, kisha akakisukuma chetezo chini ya kitanda ili moshi upande kwenye godoro na mashuka. Ndivyo walivyofanya kwao, na kitanda kisichofukizwa kwake kilikuwa kama chai isiyo na sukari. Kabla ya masanduku, chetezo kilikaa sakafuni. Masanduku yalipokuja, alikuta yamempa kimo kizuri zaidi: alikiweka juu ya kifuniko, makaa mekundu, moshi ukatoka pembeni mwa shuka, nasi tukaketi kunywa chai. Baba alivuta pumzi na kusema chumba kimekuwa pepo ndogo.

Siku iliyofichua mambo ilikuwa mchana mkali, Bu Nasir amekuja kuchukua sanduku kabla ya kwenda kulenga shabaha na wenzake. Baba alilivuta lile la upande wa miguuni, ambalo mzee hakuwahi kulichukua. Juu ya kifuniko palikuwa na alama nyeusi za mviringo zilizopandana, kama meza ya mgahawa iliyowekewa masufuria ya moto. Bu Nasir aligusa moja, akanusa kidole chake. Nilimwona uso ukimbadilika rangi. "Nini hii?" aliuliza, na Mama, aliyekuwa amejitanda mtandio mlangoni, akajibu kwa Kiarabu chake cha jikoni: bukhuri, yaani udi wa kufukiza, kila Alhamisi. Mzee alipiga magoti sakafuni, mtu ambaye hakuwahi hata kuokota funguo zake mwenyewe, akafungua kufuli.

Ndani kulikuwa na risasi. Zilikuwa risasi za bunduki za kuwindia, nyekundu na kijani, zimejaa hadi ukingoni, na pembeni makopo ya baruti. Akaanza kueleza, maneno yakimtoka haraka. Yeye hakupenda za dukani. Aliokota maganda matupu baada ya kupiga, akayajaza upya nyumbani, baruti na marisau, zile punje za risasi, kwa mikono yake, burudani yake ya uzeeni. Joto si zuri kwa baruti, ndiyo maana ya kiyoyozi. Baba, aliyekuwa amekauka kama mti, ndipo akauliza swali lake la kwanza tangu masanduku yaje: kwa nini hayakukaa jumba kubwa? Bu Nasir alimtazama kwa mshangao wa kweli, kama kwamba jibu lilikuwa wazi kwa kila mtu. "Mjukuu wangu alitia moja mdomoni," alisema. "Mke wangu, Mama Nasir, akasema zitoke. Nyumbani kuna watoto, yaa Bakari."

Nilikuwa nimesimama pale, miaka tisa, nimevaa sare ya shule. Ninaamini kabisa kwamba hakuniona.

Bu Nasir alipokwenda, Mama hakupiga kelele. Nilitamani apige. Alikaa ukingoni mwa kitanda changu, akainuka haraka kama aliyekaa juu ya moto, akakaa sakafuni. "Umewekewa amana mbili," alimwambia Baba. "Moja na yule bwana, moja na Mungu. Ya Mungu ina jina, inaitwa Zuhura. Ukishindwa kusema wewe, nitakwenda mimi na Kiarabu changu cha vitunguu." Baba alijua bei ya neno hilo. Mwenye nguvu mpishe, ndivyo alivyoishi katika nchi ile. Alinawa uso, akavaa kofia, akavuka ua. Tulimwona dirishani amesimama mbele ya mzee, mikono mbele, kichwa chini, lakini midomo ikisema. Nililia kwa woga, na pia kwa fahari ambayo sikuijua jina.

Masanduku yaliondoka jioni ileile kwenda shamba la mzee jangwani. Iqama zetu zilihuishwa, baada ya majuma ambayo Mama alishinda akikunja na kukunjua nguo zetu mabegini. Lakini Bu Nasir hakumwita Baba ndugu tena. Alimtoa kwenye gari lake, akampa kazi ya kupeleka wajukuu shule na kufuata mboga sokoni. Baba aliona aibu kwa muda mrefu kama mtu aliyeiba. Mama aliendelea kufukiza, chetezo sakafuni.

Sasa nafanya kazi katika hoteli moja Al Sadd, kwenye chumba cha kuhifadhia mizigo ya wageni, na wenzangu wananicheka kwa maswali yangu. Doha ya leo imejaa kamera na mashine za kukagua mabegi, lakini mashine inaona kilichomo tu. Mimi nikiletewa kitu kwa jina la amana, swali langu ni jingine: mbona hakikai kwako? Watu wengi wana jibu jema. Wachache hukunja uso, nami hao ndio huwaangalia.

Baba amestaafu, amerudi Pangani na Mama, na bado watu wanamwekea vitu, maana sifa ya uaminifu haizeeki. Juzi alinipigia simu. Jirani mmoja, mtu wa heshima, alikuja na dumu kubwa lililofungwa, akaomba likae uani kwao siku chache. "Nimemuuliza lile swali lako," Baba alisema, nami nikamwona tena amesimama mbele ya mzee, siku ile aliyovuka ua.

"Akajibuje, Baba?"

"Alilibeba dumu lake akaenda zake."