Herufi K ya Ipogolo

Ofisi yetu ilikuwa Mwanjelwa, jijini Mbeya, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Tulikuwa watu wanne na kazi moja: kuunganisha kumbukumbu za vikundi viwili vya wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, kimoja cha Mbeya na kingine cha Iringa, ziingie kwenye mfumo mmoja wa kompyuta. Wenzangu wawili waliandika programu. Mimi nilipanga kazi na kuandika maelezo yake: nani kafanya nini, na kila alama kwenye madaftari ya wafugaji ina maana gani.

Kila kazi ilikuwa na kadi yake kwenye skrini. Kadi ilianzia safu ya "Bado", ikapita "Inaendelea", ikaishia "Imekamilika". Kiongozi wetu wa mradi hakuwahi kusoma kilichoandikwa ndani ya kadi. Alitazama tu ngapi zimebaki upande wa kushoto. Kila siku ya kikao na wafadhili alikuja mapema, akakaa kwenye kiti changu na kuzisogeza mwenyewe huku anatafuna karanga. Maganda aliyaacha juu ya kibodi yangu, mengine yana mate. Niliyapangusa kwa karatasi.

Kadi moja ilisema: mpigie karani wa Ipogolo, hakikisha maana ya herufi K kwenye madaftari yao. Karani huyo alikuwa mama mmoja aliyepokea maziwa kwenye kituo cha kikundi cha Iringa, pale Ipogolo kando ya barabara kuu. Nilimjua kwa sauti tu. Ilikuwa Ijumaa mchana, wingu limetanda, na nyumbani, mtaa wa Soweto, nilikuwa nimeanika nguo. Naona aibu kuandika kwamba sababu ya kutompigia ilikuwa nguo, lakini ndiyo hiyo. Kiongozi akauliza kwa nini kadi ile bado. Nikamwambia sijapiga simu. Akasema K ni K tu; kama Mbeya ina maana kwamba maziwa yamekataliwa, Iringa itakuwa na maana gani nyingine? Nikaisogeza. Ndani yake nikaandika: "Imethibitishwa na karani wa Ipogolo." Kisha nikaenda kuanua nguo.

Mfumo ulipowashwa, wafugaji wa Iringa walipata meseji kwenye simu zao kwamba maziwa yao yamekataliwa kwa ubovu, na wasilete tena mpaka wakaguliwe. Kumbe kule K ilikuwa na maana ya yamekubaliwa. Wenye maziwa mazuri ndio walioambiwa yao ni mabovu. Waliorudishiwa maziwa kweli hawakuambiwa kitu.

Kiongozi alimpigia karani akaweka spika, sote tukiwa mezani. Alimwamkia shikamoo kwa sauti ya upole, kisha akamsomea sentensi yangu.

"Baba, mimi sijaulizwa," mama akasema.

"Imeandikwa, mama."

Kiongozi alirudia hivyo mara tatu, mdomoni ana andazi. Nilikuwa nimekaa karibu naye kiasi cha kuona mafuta kwenye kidevu chake. Nikatazama chai yangu. Maziwa yalikuwa yamefanya utando juu. Nikauondoa kwa kijiko.

Barua ya ofisi ikaenda kwa viongozi wa kikundi cha Iringa kwamba karani alitoa taarifa zisizo sahihi. Wakamsimamisha. Mimi nikatumwa Iringa kuchukua madaftari ili tusahihishe kumbukumbu.

Mama mwenyewe alikuja kituoni kunikabidhi. Nyuma ya kituo watu walikuwa wamemwaga maziwa mtaroni, yamechacha, nzi wamejaa. Harufu ile iliingia kwenye shati langu na kukaa. Alinisalimia kwa Kihehe, "kamwene", akanisogezea kigoda. Akanieleza kuhusu mzee mmoja wa kanisa la Kilutheri: majirani walipoiona ile meseji, walisema siku zote amekuwa akiongeza maji kwenye maziwa. Jumapili hakuonekana ibadani. Mama alisimulia bila kulalamika, kama anayesoma daftari.

Kisha akalifungua daftari lenyewe. Ukurasa wa kwanza, kwa wino wa bluu: K, yamekubaliwa. R, yamerudishwa. Akasema picha ya ukurasa huo alitutumia mradi ulipoanza. Nikatafuta kwenye simu. Ilikuwepo kwenye barua pepe zangu, haijafunguliwa.

"Mwanangu, nani aliandika kwamba nilithibitisha?"

"Ni mimi, mama."

"Kwa nini?"

Nikasema kiongozi alitaka kadi iishe. Nilijisikia mchafu hata kabla sijamaliza, maana nilikuwa namsukumia mwingine. Nikamwambia na habari ya nguo. Hakunifokea. Alifunga madaftari kwenye mfuko wa plastiki, akachana karatasi na kunipa kalamu niandike nimepokea mangapi na yako katika hali gani.

"Andika ulichokiona," akasema. "Usiongeze."

Nikiwa stendi nikisubiri basi, niliandika barua pepe kwa kiongozi na kwa viongozi wa kikundi: hakuna aliyempigia karani, uongo ni wangu. Kiongozi alinipigia papo hapo. Akasema nimeichafua ofisi, nitume nyingine yenye lugha laini. Nilikataa. Niliporudi Mwanjelwa nilikuta sentensi yangu kwenye kadi imebadilishwa kuwa "Imethibitishwa na upande wa Iringa", na kadi bado iko "Imekamilika".

Karani alirudishwa kazini. Wafugaji walitumiwa meseji nyingine. Niliandika "tunaomba radhi". Kiongozi akafuta, akaweka "kulitokea changamoto ya kimfumo". Hiyo ndiyo iliyotumwa. Mwezi huohuo nikaacha kazi, lakini sikuondoka kwa fahari yoyote. Yule mzee, nilisikia, hakuleta tena maziwa.

Nilimpigia yule mama wa Ipogolo mara moja tu, kumwomba msamaha nikiwa sifanyi tena kazi pale. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema kama ninamaanisha, nimtumie kwa maandishi, akakata.

Niliandika, nikatuma. Hajajibu.