Mkono Begani

Firimbi yake tuliisikia kabla ya kumwona: mlio mmoja mfupi nyuma ya ukuta wa misheni, akiipuliza kutoa vumbi. Kisha ikatokea baiskeli, kisha yeye mwenyewe, karani wa reli, miguu ya suruali imebanwa kwa vibanio vya kuanikia nguo. Sisi vijana wa Katuba, mtaa wa watu weusi enzi za ukoloni, tuliocheza mpira wa kikapu tulimwita Yaya, kaka mkubwa. Alikuwa refa wetu.

Hakupaza sauti. Mchezaji akipiga kiwiko au akitukana, Yaya alisimamisha mchezo, akamwendea, akamwekea mkono begani, akamnong'oneza kwa lugha ya kwao, Kiluba au Kibemba. Mimi nilikuwa mkali kuliko wote. Siku moja aliniambia: "Mudogo, mama yako iko anakuangaria. Unataka arudie nyumbani na haya?" Mama hakuwepo hata. Nilicheka, hasira ikaniisha. Kosa la pili alionya kwa kidole. La tatu ulitoka, na mkono uleule ukakusindikiza hadi kwenye benchi.

Jumapili moja walikuja vijana wa Kizungu kutoka mjini. Padri alitaka tuzoeane. Mrefu wao alinipiga kiwiko mdomoni, nikatema damu. Firimbi ikalia.

"Yaya, mwambie mama yake anamuona!" mwenzetu mmoja akapiga kelele, na watu wakacheka.

Yaya akamwendea yule kijana, akamwekea mkono begani, akaanza kunong'ona kwa Kifaransa.

Kicheko kikakatika. Mkono ulikuwa umeshafika pale kwa mazoea, kama ulivyofika kwetu sote. Kijana aliutazama kama kitu kilichookotwa jalalani, akamtukana. Yaya akamtoa nje. Wenzake wakamfuata, wakapanda gari lao.

Kesho yake Padri alituita ofisini, Yaya na mimi.

"Ulimugusa," alisema. "Utaandika barua ya kuomba radhi, ao utaacha firimbi hapa."

"Mon père, alimupiga huyu mutoto. Damu ilitoka. Kama nikiomba radhi, nani atanisikia tena pale uwanjani?"

Padri akanigeukia. "Wewe, alikupiga?"

Mdomo wangu ulikuwa bado umevimba. Lakini chini ya kalamu yake niliiona karatasi yangu ya kuingia shule ya ualimu, haijatiwa sahihi.

"Nilianguka, mon père."

Sahihi ilitiwa siku ileile. Katika shule hiyo nilijifunza kuandika, na watu husema naandika vizuri.

Yaya hakunilaumu. Alifuta firimbi kwa leso, akaiweka mezani. Aliponipita, mkono wake uliinuka kuelekea bega langu, ukasita, ukashuka. Kisha akatoka, akaufunga mlango nyuma yake taratibu, kama mtu asiyetaka kumwamsha mgonjwa.