Kijana Aliyebeba Mlango

Nakumbuka siku niliyomsomea bibi yangu kitabu cha katuni ili acheke, naye badala ya kucheka akanitazama kana kwamba nimemmwagia mchanga kwenye wali wake. Mwanangu, juzi uliniuliza usome nini likizo hii, maana hadithi za simuni zimekuchosha. Nitakujibu, lakini jibu langu lina mzunguko, na mimi sipendi kuharakishwa. Kaa vizuri.

Nilikuwa msichana wa Kibiti. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, sikuchaguliwa kwenda sekondari, nikawa nakaa kwenye meza ya magazeti ya mjomba wangu pale stendi. Zilikuwa enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka tuliyoyazoea matupu yalijaa sabuni za kila rangi, mitumba ilimwagwa chini kila siku ya gulio, na kila kijana alitaka redio kaseti. Vitabu vya katuni navyo vikaanza kushuka kutoka kwenye mabasi ya Dar es Salaam: vya mapenzi, vya karate, vya wachawi. Mvua zikikata barabara ya kusini, abiria wa Lindi walilala kwetu Kibiti, wakanunua hata magazeti ya juma lililopita ilimradi wapate cha kusoma.

Kimoja tu hakikununuliwa. Kiliitwa "Mbeba Mlango". Kilitoka kwa matoleo, karatasi ya gazeti, jalada la rangi mbili zisizopatana, na jina la mchoraji sikulijua wala sijalijua hadi leo. Ndani yake dunia imeharibika, na hakuna anayejua vizuri ilikuwaje. Miji imekufa. Maghorofa yamesimama bila watu, kanga wametaga ndani ya mabasi, mizizi imepasua lami. Si Kiyama, maana Kiyama hakina manusura. Hawa wamebaki wachache na wanatafuta pa kuanzia. Kijana mmoja aitwaye Kondo anaivuka nchi hiyo kwa miguu, na mgongoni amebeba mlango. Naam, mlango wa nyumba, wa mbao nzito. Anafuatana na Siwema, msichana mwenye ulimi kama wembe, na nyuma yao wanawindwa na Wakusanyaji, kundi linalowanyang'anya watu kila kinachobebeka.

Abiria walikishika, wakatazama jalada, wakakirudisha mezani. "Mwehu huyu," walisema, "dunia imekwisha yeye anabeba mlango?" Nami nilicheka pamoja nao. Nilivisoma kwa sababu sikuwa na kazi, nikikimbilia kurasa za mapigano na kuziruka zile zisizo na maneno. Nilimaliza hivyo matoleo yote tuliyokuwa nayo, nikajiona msomaji.

Mwaka ule mto ulikuwa unakula ukingo wa kijiji cha Bibi, huko deltani. Bibi huyu alikuwa mama yake mjomba na mama yake mama yangu, na alikaa peke yake karibu na mpunga wake. Jiko la jirani lilikwishakwenda na maji, na uani kwa Bibi ardhi ilikuwa imepasuka ufa wa kuingia mguu. Mjomba alikwenda kumchukua, akakataa. Akatuma wazee wa msikitini, Bibi akawapikia wakala wakashiba, akakataa. Mwishowe mjomba akanituma mimi, kwa sababu alijua utani wetu. Bibi aliniita mke mwenzangu, na mke mwenza huambiwa ambayo mtoto haambiwi.

"Kamlainishe," mjomba aliniambia. "Jumamosi nakuja na mtumbwi, nimkute tayari. Ikishuka mvua nyingine kubwa nyumba ile haipo, na yeye hayupo."

Nilikwenda na vitabu vyangu. Bibi hakujua kusoma, nikadhani kichekesho kitafanya kazi iliyowashinda wazee. Mchana tukiwa dunguni, kile kibanda chetu cha juu ya miti cha kuamia ndege wa mpunga, nikamfungulia toleo la kwanza na kumsomea. Nilipofika kwenye mlango nikaangua kicheko.

"Unacheka nini, mke mwenzangu?"

"Si huyu mjinga, Bibi. Angebeba basi hata sufuria."

"Kitu hukijui maana yake, usikicheke. Utakuja kucheka msibani." Akanyoosha mkono. "Hebu lete nione."

Alizitazama zile picha muda mrefu, akifuata mistari kwa kidole. Kisha akanieleza habari ambayo sikuwa nimepata kuisikia. Zamani, mama yangu akiwa mdogo, watu wa bondeni walihamishiwa nchi ya juu ili mafuriko yasiwafikie. Nyumba yetu, alisema Bibi, utaijenga popote. Miti ipo, udongo upo, makuti yapo. Mlango ndio wa kununuliwa mbao na kulipiwa fundi, na ndiyo maana watu wa mto wakihama hung'oa mlango kwanza. Yeye siku ile aliuacha, kwa sababu lori lilikuwa limejaa. Alikokwenda alifikia kwa watu, na alipojaliwa kibanda chake, mlangoni alitundika jamvi.

"Jamvi halipigiwi hodi," Bibi alisema. "Mtu analisukuma anaingia. Mbuzi naye anaingia. Nimeishi hivyo miaka, mke mwenzangu, mpaka niliporudi huku nikachongesha ule unaouona pale." Machozi yalimlengalenga. "Kijana wako ana akili zake. Kwani anafika aendako?"

"Sijui, Bibi. Toleo la mwisho halijaja."

Niliona haya, mwanangu, haya ya kutaka kushuka dunguni nikajifiche kwenye mpunga. Nikavirudia vitabu toka cha kwanza, safari hii kwa mwendo wa Bibi, picha kwa picha. Na zile kurasa zisizo na maneno, kumbe ndizo zilizokuwa hadithi! Kila wanapopiga kambi, Kondo anausimamisha mlango wake uwanjani na kuuegemeza kwa mawe. Hakuna ukuta kushoto wala kulia. Siwema angeweza kuuzunguka tu, yeye huyo asiyemheshimu mtu. Lakini anasimama mbele yake, anainua mkono, anagonga, anangoja akaribishwe. Nilikuwa nimeliruka jambo hilo katika kila toleo. Nikaelewa pia kilichomshikilia Bibi. Mto aliuogopa kama sisi sote. Alichoogopa zaidi ni kwenda kuwa mgeni kwa mwanawe, mtu wa kupiga hodi mpaka siku ya kufa.

Mjomba alifika Jumamosi, akamkuta Bibi amekaa kizingitini.

"Shikamoo, Mama. Twende. Chumba chako kiko tayari, kinatokea sebuleni, na mlango mpya wa plaiwudi nimeshatia."

"Na huu wangu?"

"Mtumbwi hautoshi, Mama, meza na kitanda vimeshaujaza. Na wahenga walisema, nyumba njema si mlango."

"Aliyesema hivyo alikuwa nao mlango," Bibi akamjibu. "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Niache na mto wangu."

Mjomba alighadhibika, akanitazama mimi kama kibarua aliyelipwa bila kulima. Kwetu mtoto haingilii mazungumzo ya wakubwa, na ningenyamaza. Lakini ufa wa uani ulikuwa umesogea mpaka karibu na ukuta. Nikamwomba mjomba pembeni, nikamfungulia ukurasa wa Siwema anayegonga mlango usio na nyumba, nikamweleza habari ya jamvi.

Aliutazama ukurasa ule, yeye aliyekuwa akiuza kitabu hicho bila kukifungua. "Jamvi nalikumbuka," alisema taratibu. "Mimi na wenzangu tulikuwa tukilipita mbio, tunacheza. Mama akitukemea tunacheka."

Aliingia ndani akatoka na shoka, akaanza kuung'oa mlango pamoja na miimo yake. Meza na kitanda vikashushwa kutoka mtumbwini, mlango ukalazwa juu ya magunia ya mpunga. Bibi aliligeukia lile pengo lililobaki ukutani. "Sasa ni tundu tu," alisema. "Twendeni." Masika hayakwisha kabla mto haujaichukua nyumba yote, na sisi tulisikia habari hizo tukiwa Kibiti, tunakunywa uji.

Mjomba aliziba upande wa sebuleni, akatoboa ukuta wa uani, na mlango wa Bibi ukafungwa hapo, unatazama nje peke yake. Asubuhi ya kwanza alimpelekea chai, akasukuma akaingia moja kwa moja, kama mtu aingiavyo nyumbani mwake.

"Sijasikia hodi," Bibi alisema.

Mjomba, mtu mzima mwenye ndevu na wake wawili, akarudi kinyumenyume na birika lake. Akaufunga mlango. Akasimama katika ua wake mwenyewe, majirani waliokuja kuomba maji wakimtazama.

"Hodi, Mama."

Bibi alimngojesha kidogo.

"Karibu, mwanangu. Pita."

Alipita ameinamisha kichwa. Mimi nasema alikuwa akilia. Yeye mpaka anazikwa alisema ni moshi wa jikoni.

Toleo la mwisho lilikuja baadaye. Mjomba aliagiza nakala mbili, moja ya kuuza, na hiyo ya kuuza haikuuzika. Ile nyingine nilimsomea Bibi chumbani kwake. Kama Kondo alifika au hakufika, hilo sikwambii, usinibembeleze. Bibi alicheka mara moja na kulia mara moja, na mwisho akasema mchoraji yule lazima ametoka kwetu, watu wa Dar wangejuaje. Huenda ndiyo maana kitabu hakikupendwa. Asiyejua maana haambiwi maana, na wengi hawakutaka kungoja waambiwe.

Kwa hiyo, mwanangu, soma "Mbeba Mlango". Vyangu vyote viko sandukuni, nimevishona kwa uzi. Njoo nikuazime, ila usikunje kurasa wala usile maandazi juu yake. Anza toleo la kwanza, hata kama utaliona la polepole. La tatu wino umemwagika, vumilia. Mapigano na Wakusanyaji yatakuchangamsha, na vichekesho vya Siwema utavirudia kwa wenzako, lakini usiziruke kurasa zilizonyamaza. Usikipe mgongo kitabu kwa sababu wengi wamekirudisha mezani. Na ukimwona mtu amebeba kitu ambacho wewe hukioni faida yake, awe wa kwenye picha au wa nyumbani kwenu, muulize kabla hujacheka. Wazee wengi wanakufa hawajaulizwa.

Mwenyezi Mungu akupe macho yasiyo na haraka. Akuepushe na dharau, maana dharau hufunga macho ya mtu yakiwa wazi. Akujaalie watu watakaokujali ukiwa mtoto, ukiwa na nguvu zako, na siku zitakapokuishia. Amin.