Zenhum Alikifudikiza Kihori

Pale Ezbet el-Borg, Nile inapomwaga maji yake baharini, watu walisema Zenhum akiamka bila hasira basi anaumwa. Aligombana na wauza barafu, akagombana na mafundi rangi, akagombana hata na paka wa gatini. Mkewe aliwahi kumkimbia akarudi kwao, kisha akarejea mwenyewe, akidai kimya cha kwa mama yake kilimnyima usingizi. Lakini hakuna nahodha aliyekataa kusafiri na Zenhum. Alikuwa sarahangi, mkuu wa mabaharia, na kitu alichokifunga juu ya sitaha kilikaa hapo hapo mpaka akifungue mwenyewe.

Chombo alichofanyia kazi kilikuwa cha shemeji yake, Nahodha Mitwalli, aliyemwoa Sabah, dada yake mdogo. Sabah alikuwa na mimba ya tatu. Mbili za mwanzo zilitoka, na mama yake Mitwalli, mwanamke asiye na haya hata chembe, alikwisha kuanza kuwakagua mabinti wa watu kwenye kila arusi: huyu ana nyonga nzuri, yule mama yake ni mzazi hodari. Mimba hii nayo ikitoka, Sabah arudi kwao. Hayo yalisemwa mbele yake, akiwa ameshika sinia ya chai.

Kwa hiyo Mitwalli alishika kila mwiko. Kwa watu wa pale, kiatu kikilala kifudifudi, soli ikitazama mbingu, mtu hukigeuza upesi hata kama si chake. Mitwalli aliuvuta mwiko huo mpaka ukapitiliza. Chomboni kwake hakikufudikizwa kitu, iwe bilauri, sufuria au ndoo. Kitu chenye tumbo ukikifudikiza kinamwaga, alisema. Zenhum aliona ni upuuzi, ila bilauri si kitu cha kugombania. Aliziacha zikasimama zikaingia magamba ya samaki.

Kilichowagombanisha ni kihori, kile kiboti cha makasia kilichobebwa juu ya sitaha. Wanaume wote saba wa chombo kile hawakuwa na kingine cha kuwaokoa. Siku za shwari kilikaa mdomo juu, kimejaa nyavu. Lakini asubuhi moja ya Desemba, wakiwa mbali na nchi kavu, upepo uligeuka ukatoka magharibi, mawingu yakashuka, na kila mtu akajua kuwa ni Kasim, dhoruba ijayo majira hayo kila mwaka, ambayo wazee waliipa jina kana kwamba ni mtoto wao.

"Toeni nyavu," Zenhum aliwaambia wenzake. "Tukifudikize, tukifunge."

Mitwalli akatoa kichwa katika dirisha la chumba cha usukani. "Hakifudikizwi kitu hapa! Kifunge hivyo hivyo."

"Hivyo hivyo vipi, shemeji? Mdomo juu si beseni hilo? Wimbi moja tu linakijaza. Kikijaa kinakata kamba, kinatufagia sote!"

"Kifunike turubai."

"Turubai, kwa upepo huu? Kamfunike mama yako!"

Mabaharia wengine wakatazama miguu yao. Mitwalli uso ukamwiva. "Dada yako ana mimba, Zenhum. Damu yako mwenyewe. Unataka kunimwagia mtoto?"

"Mtoto wako anataka baba aliye hai, bwana!"

"Nahodha ni mimi. Nimeshasema."

Hapo wimbi la kwanza likapanda sitahani. Kihori kikajaa nusu, kikaburuzika, kikaugonga ukingo mpaka mbao zikalia. Mitwalli hakuweza kuuachia usukani, na Zenhum alilijua hilo. Alichomoa kizibo cha chini maji yatoke, akamwita Hamam mpishi, wakazitoa nyavu, wakakiinua ubavu, wakakilaza kifudifudi katikati ya sitaha, makasia yakiwa ndani yake. Akapitisha kamba mbili juu ya mgongo wake, zikapishana. Ncha hakuzifunga ukingoni, maana ukingo hung'oka. Alizifunga kwenye pete za chuma za sitaha. Kisha akazipachika kipande cha mti, akakizungusha mpaka kamba zikakakamaa, huku akitukana. Alimtukana Kasim, akamtukana Mitwalli, akaitukana na kamba yenyewe. Nyuma ya kioo Mitwalli alipiga makelele ambayo hakuna aliyeyasikia.

Dhoruba iliwapiga mpaka siku ya pili. Mawimbi yalipanda juu ya mgongo wa kihori, yakateleza, yakaenda zao. Kihori hakikusogea.

Gatini walimkuta jirani akiwangoja, na uso wake ulitosha. Mimba ya Sabah ilikuwa imetoka.

"Umemwaga!" Mitwalli alipiga ukelele, akaketi pale pale juu ya kamba akalia. Zenhum hakukaa kumsikiliza. Alikwenda mbio kwa dada yake, akampita mama yake Mitwalli barazani bila salamu.

"Sasa mumeo anasema ni mimi!" alianza, hata kabla ya kumpa pole. "Kihori! Mbao zinajua habari za mimba? Ningekiacha mngetuzika watu saba! Nitamwambia mbele ya gati zima..."

"Teremsha sauti, kaka." Sabah alikuwa ameelekea ukutani. "Damu ilianza siku mliyoondoka. Kabla ya huyo Kasim. Nikanyamaza."

"Umeona? Basi si mimi! Nakwenda kumwambia."

Sabah akamshika mkono. "Usimwambie. Ukimwambia, lawama inanirudia mimi. Watasema tumbo la Sabah halishiki, na yule hapo barazani anangoja neno hilo tu. Mitwalli akiamini ni kihori, atakuchukia wewe. Mimi ataniacha nikae."

"Kwa hiyo mimi ndiye nibebe?"

"Wewe ndiye mkubwa wangu. Ukubwa jalala."

Hasira zilimpanda mpaka masikio yakavuma. Alimkasirikia Mitwalli na mama yake Mitwalli, akaukasirikia mji mzima unaompima mwanamke kama mtungi. Zaidi alimkasirikia Sabah, kwa sababu alisema kweli.

Alipotoka, Mitwalli alikuwa barazani na mabaharia nyuma yake. "Sema mbele ya watu. Sikukukataza?"

"Ulinikataza."

"Nahodha," Hamam aliingilia, "bila vile tungekuwa tumeshaliwa na sa..."

"Nyamaza, Hamam," alisema Zenhum. "Nilikifudikiza mimi. Sabah hana kosa."

Kofi lilimpata shavuni. Zenhum, aliyewahi kumng'oa mtu jino kwa kumsukuma tu kwenye foleni ya mkate, aliweka mikono nyuma.

"Usinikanyagie chombo changu tena," Mitwalli alisema.

Mama yake akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Ingia kwa mkeo," alimwambia. "Mtoto wa watu hana kosa."

Zenhum alilisikia hilo kwa masikio yake, kisha akaenda gatini kutoa nguo zake chomboni.