Sidii Imejaa, Faili Moja

Asubuhi, kabla mashine ya fotokopi haijapata moto, Bi Diski ameinamia kompyuta kuukuu huku akikuna kichwa. Anatoa sidii, anaipangusa kwa upindo wa khanga, anairudisha. Jibu ni lile lile: faili moja tu. Na nafasi iliyobaki ni kiduchu.

“Sasa kama kuna faili moja, imejaa nini?” anajiuliza.

Jina hilo la utani alipewa na wateja wa kiduka chake cha kuchapa na kutoa nakala. Wenzake wamehamia kwenye flashi na simu. Yeye bado anachoma sidii, tena kwa kuandika amri kwenye skrini nyeusi, maana kompyuta aliyoachiwa na shemeji yake haiwezi programu za kubofya. “Ikiona kipanya inaganda,” anasema na kucheka, ila leo kicheko hakina nguvu.

Sidii hii ni ya mwashi mstaafu wa mtaa wa nyuma. Cha kwanza kuwekwa humo ni sauti ya marehemu mkewe akiwasalimia wajukuu walio mbali. Nakala nyingine hakuna. Simu iliyomrekodi iliibwa. Kila mjukuu akijibu, mzee huileta sidii ile ile, na Bi Diski huongeza faili jipya juu ya yale ya zamani. Akishauriwa kutengeneza ya pili, mzee husema mke alikuwa mmoja, sidii mbili za nini.

Jana Bi Diski aliongeza salamu za kitukuu. Leo sauti za zamani hazionekani, na mwenye sidii yuko njiani.

Anasoma upya amri ya jana, neno kwa neno, akiifuata kwa kidole. Kidole kinasimama. Aliruka kipande kinachoiambia kompyuta isome kwanza vilivyotangulia, ivitaje pamoja na kipya. Ndiyo maana sidii inataja kipya tu.

“Kwa hiyo vya zamani vimo? Au havimo? Mbona nazidi kuchanganyikiwa?”

Mzee anaingia. Bi Diski hafichi, anamweleza yote na kukiri kuwa kosa ni lake. Mzee anamsikiliza hadi mwisho.

“Mwanangu, hayo sijaelewa hata moja. Yumo au hayumo?”

“Sijui, baba.”

Anaogopa, na haoni aibu kusema hivyo. Anaandika amri nyingine, ya kuifungua sidii kama ilivyokuwa kabla ya jana. Kompyuta inakoroma weee, kisha majina ya mafaili yanatokea. Analicheza la kwanza.

Sauti ya mwanamke inasalimia wajukuu mmoja mmoja, halafu inakatiza salamu na kumuuliza mtu aliye chumbani kama amefunga mlango wa nyuma.

“Nimefunga,” mzee anajibu.

Mpango wa Bi Diski ni kuzihamisha kwanza sauti zote kwenye kompyuta, ndipo achome upya. Lakini bado hajaanza. Mzee ameomba irudiwe, na amesogea karibu na spika, asije akachelewa kujibu.