Sori ya Mhandisi

Nafundisha Kiingereza sekondari huku Kihagara, na kwa miaka mingi neno "sorry" nililimaliza kwa dakika tano. Umemkanyaga mtu, sema sori. Umechelewa, sori. Mwenzako amefiwa, sori. Wanafunzi waliandika, tukasonga mbele. Sikujua nilikuwa nawadanganya mpaka likizo ile nilipopanda nyumbani, milimani upande wa Litembo, nikakuta greda limepita juu ya kaburi la kaka yangu.

Kaka huyo sikumwona. Alikuwa mtoto wa kwanza wa mama, akaishi siku tisa. Walimzika nyuma ya nyumba, ukingoni mwa kahawa, bila saruji wala msalaba. Mawe tu, yaliyopangwa duara. Kila Jumamosi mama alipalilia pale. Baba alipofariki alilazwa hatua chache pembeni, yeye akajengewa kwa saruji. Walipokuja wapima barabara, mama aliwapeleka mpaka kwenye makaburi yote mawili. Aliniambia kwenye simu kwamba wameandika, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeridhika.

La saruji walilikwepa. La mawe walilisukuma pamoja na udongo mpaka bondeni, juu ya maharage yetu.

Nilimkuta mama amesimama mbele ya greda, jembe begani, hataki lisogee hata kidogo. Dereva, mtu mzima mwenye mvi, alikuwa amezima injini na kuinamisha kichwa. Mhandisi, kijana aliyevaa kofia nyeupe ngumu, akashuka kwenye gari lake.

"Shikamoo, mama."

Mama yangu huitikia shikamoo hata ya mlevi. Siku hiyo hakuitikia.

"Sori sana, mama. Tulidhani ni rundo la mawe tu."

Mama akanigeukia, akaniuliza kwa Kimatengo, "Anasemaje huyu? Ananipa pole au anaomba msamaha?"

Nikamuuliza kijana swali hilohilo kwa Kiswahili. Angeweza kujibu kwa neno moja. Badala yake alinitazama, akaona amepata msomi mwenzake, akaanza kunimiminia Kiingereza: ilikuwa bahati mbaya, kazi ina ratiba yake, anasikitika kwa yaliyotupata. Na mimi, kwa mazoea ya darasani, mdomo ukaitangulia akili. Nikamjibu kwa Kiingereza kwamba haina shida.

Haina shida! Nikiikumbuka sentensi hiyo natamani kujizaba kofi. Kijana alitabasamu, akafunga daftari lake kama mtu ambaye shauri lake limekwisha.

"Umemwambia nini?" mama akauliza.

"Nimemwambia haina shida."

"Mtoto alikuwa wako?"

Hapo ndipo yule dereva aliposhuka, akavua kofia na kuja kusimama mbele ya mama.

"Mama, aliyesukuma ni mimi. Niliyaona mawe yamepangwa, nikajua yamepangwa na mtu, na sikuuliza. Nimekosa. Nisamehe."

Mama akateremsha jembe begani. Kisha akasema, "Chukua chepe."

Wakateremka bondeni wote wawili, nami nikafuata nyuma. Tulichimbua mpaka jua likasimama utosini. Mfupa hatukuuona. Mama akachagua mawe aliyoyafahamu, akajaza udongo kwenye kanga yake, tukaupandisha na kuuzika ubavuni mwa baba. Dereva ndiye aliyechimba. Mama akaomba Baba Yetu, na dereva akaitikia amina. Muda wote huo mhandisi alikaa garini, vioo vimefungwa, akiongea na simu.

Niliporudi shuleni nilitoa kamusi kubwa kabatini, ile inayoeleza maneno yalikotoka. Nikasoma kwamba "sorry" halikuzaliwa na "sorrow", yaani huzuni, ingawa yanafanana na wengi huyadhania ndugu. Lilizaliwa na "sore": kidonda, mahali panapouma. Waingereza wa kale walioanza kulisema walimaanisha kwamba wao wenyewe wanaumia. Nilifunga kamusi kwa kishindo hadi walimu wenzangu wakageuka. Yule kijana alikuwa na kidonda wapi?

Nilizidi kukasirika kwa sababu sisi tulikuwa na maneno yetu, tena yaliyogawanywa vizuri. Pole unampa mtu aliyeumia, na mikono yako wewe ni safi. Msamaha unauomba baada ya kukiri, na unayemwomba anaweza kukunyima. Sori ni pole au ni msamaha? Asemaye hachagui. Anamwonea huruma mtu ambaye yeye mwenyewe amemkosea, kana kwamba kosa limeshuka na mvua, na wewe ukibaki na kinyongo unaonekana mkorofi. Ndiyo maana maofisini wanalipenda. Faili limepotea, sori. Uliyemfuata katoka, rudi kesho, sori.

Sasa nalifundisha kipindi kizima. Namwita mwanafunzi mbele, nasema amevunja mtungi wa jirani, namwambia aniambie kwa Kiswahili anachotaka kusema kabla hajasema sori. Wengi hukwama. Wengine hucheka, nami huwakaripia zaidi ya inavyostahili.

Likizo iliyofuata nilipanda tena. Mama alikuwa uani anachambua maharage kwenye ungo. Tangu siku ile tulikuwa tukisalimiana tu, na habari za mvua. Nikapiga magoti.

"Mama, nilimsamehe mtu kwa kosa lisilokuwa langu kusamehe. Nimekosa. Nisamehe."

Aliendelea kutupa mabovu pembeni, moja moja.

"Nimesikia," akasema.

Mpaka leo hajaongeza neno, nami sina haki ya kumharakisha.